Alichokiri Fauzia

Mimi ni mama karanga, nakaanga samaki Msambweni, na wanaonunua kwangu wanajua kwamba mdomo wangu ni mkali kuliko pilipili ninayowapaka. Kwa hivyo mdogo wangu Fauzia alipolisukuma bakuli la supu ya pweza nililompelekea alipojifungua, nilimwambia maneno ambayo mwanamke mzazi hapaswi kuambiwa.

Kwetu mwanamke aliyejifungua hulishwa. Arobaini nzima kazi yake ni kunyonyesha, kukandwa na kula: uji wa pilipili manga, supu ya pweza, mchuzi wa kuku wa kienyeji. Ndugu hushindana kupika. Asiyeleta kitu husemwa mpaka mtoto aote meno.

"Dada, unajua mimi sili kilichokuwa na macho," Fauzia aliniambia kwa upole, mwanawe Kheri akiwa kifuani pake. "Wala kilichopita motoni."

"Basi umnyonyeshe maji ya kachumbari," nikamjibu, nikaondoka na bakuli langu.

Hakuzaliwa na wazimu huo. Aliupata Diani, kwenye nyumba moja ya wageni alikokuwa akifanya kazi jikoni. Jiko lenyewe halikuwa na moto. Wageni walikuja kupumzika na kula vitu vibichi: nazi changa iliyochanwa nyuzinyuzi mfano wa tambi, choroko zilizoota, papai, majani ya kila aina. Msimamizi wao alikuwa kijana wa Nairobi, Harrison, mrefu, mcheshi, ngozi inang'aa. Niliwahi kwenda huko kumtazama mdogo wangu, Harrison akanikalisha na kunipa gilasi ya kitu cha kijani.

"Mathe, chakula ikipikwa inakufa," aliniambia. "Body inataka life, si maiti."

"Mwanangu, mimi nimelea watoto kwa hao maiti," nikamwambia, naye akacheka sana. Alikuwa na moyo mzuri, nalisema hilo ingawa sasa nikilisikia jina lake mate hunikauka.

Na haki isemwe. Fauzia alikuwa na vidonda vya tumbo vilivyomkunja tangu usichana, na tangu aanze kula kama wageni wake, vilitulia. Akanawiri. Akawa kila mdomo ukifunguka ni Harrison amesema hivi, Harrison amesema vile. Miaka ikapita hajaonja dagaa wala yai wala maziwa. Mumewe, Tsuma wa Kikoneni, fundi wa kuezeka makuti, alikuwa akimtania mbele za watu: "Mimi nimeoa mbuzi. Hanimalizii mkaa." Alimpenda yule mwanamke jamani. Akitoka kazini humletea madafu na maembe, akamkatia mwenyewe.

Harrison alirudi kwao bara kabla Fauzia hajashika mimba. Maneno yake yakabaki.

Kheri alizaliwa mzima, mnene, mwenye kicheko cha kualika majirani. Alianza kuinua kichwa, kisha akaanza kuketi akishikiliwa. Halafu, sijui niseme ni lini hasa, akaanza kurudi nyuma. Kwanza kiliondoka kicheko. Ukimwita, macho yanapita juu ya bega lako. Kisha shingo ikalegea, ukimpakata kichwa kinaanguka upande. Vidole vikawa vinamtetemeka. Ngozi ikapauka ikawa rangi ya unga wa muhogo.

Fauzia mwenyewe ulimi ulikuwa umemwiva, mwekundu, hauwezi hata chumvi. Akalalamika ganzi za miguu. Nikamwambia aende hospitali. Akasema ni mwili unatoa uchafu, Harrison aliwaeleza kwamba hutokea. Naye akampa mtoto ndizi na parachichi za kuponda, visivyoguswa na moto. Kliniki walipompima wakamwandikia aende hospitali kubwa akatolewe damu, hakwenda. Alijua wataanza na mayai na uji, wamvunjie imani yake.

Nilikasirika. Niliogopa pia, ila mimi hofu yangu hutoka kwa sura ya hasira, basi nikawa namfokea, naye akawa anazidi kuninyamazia.

Mavyaa wake, Bi Mbodze, mama yake Tsuma, ndiye aliyelitaja neno. Alikuja kutoka Kikoneni kumtazama mjukuu, akamgeuza geuza, akamrudisha kwa mama yake kama kitu kilichomchoma.

"Huyu ana chirwa," akasema.

Anayetoka kwetu akilisikia neno hilo hukaa kitako. Chirwa ni mtoto kunyong'onyea akiwa bado ananyonya kwa sababu baba au mama ametoka nje ya ndoa. Maradhi ni ya mtoto, hatia ni ya wazazi. Na dawa yake ina sharti moja: aliyekosa aseme. Asiposema, majani yatachemshwa bure na mtoto atakufa.

Tukaenda Kikoneni, kwa mganga aliyewatibu hata wajomba zake Tsuma. Mimi nilikwenda kwa sababu sikutaka mdogo wangu awe peke yake katikati ya watu wa mume. Tulikaa uani. Mganga alikuwa mzee asiye na makuu, hakupaza sauti. Alianza na Tsuma. Tsuma akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba tangu amwoe Fauzia hajamjua mwanamke mwingine. Nilimwamini. Kisha mganga akamgeukia Fauzia.

"Sijafanya," Fauzia akasema. "Wallahi sijafanya."

"Sikulazimishi, mwanangu," mganga akasema. "Lakini mmoja wenu akificha, haya maji ni maji tu."

Bi Mbodze akaanza kulia. Kheri alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, macho wazi, hatazami kitu. Inzi akatua karibu na jicho lake, mtoto hakupepesa. Fauzia akamfukuza yule inzi. Akamtazama mwanawe kwa muda, na mimi niliyemlea nikaona uso wake ukibadilika, nikajua anachotaka kufanya. Nikamshika mkono. Akauvuta.

"Ni mimi," akasema.

"Na nani?"

Alikuwa akitafuta mtu, Mungu ni shahidi wangu. Alikuwa akitafuta mwanamume aliye mbali, asiye na mke wa kuvunjiwa nyumba hapa kwetu, asiyeweza kuitwa akaulizwa.

"Harrison," akasema.

Tsuma hakupiga kelele. Aliinuka, akapangusa suruali, akaenda kusimama kwenye mikorosho, ametupa mgongo. Sasa yale majina yote ya Harrison aliyoyasikia kwa miaka na kuyacheka yalikuwa yakimrudia moja moja. Hata hakuuliza kama Harrison alikuwa keshaondoka kabla ya mimba. Mganga akamwosha mtoto kwa maji ya majani, akamfunga uzi kiunoni, akampa mama kikombe anywe. Na maji yale yalikuwa yamechemka. Fauzia aliyanywa yote.

Asubuhi yake, tukiwa bado Kikoneni, Kheri akakataa ziwa. Sikumuuliza mtu. Nilimfunga mgongoni, nikamwambia Fauzia, "Ukitaka baki," nikashika njia ya hospitali Msambweni. Akanifuata bila viatu.

Daktari alikuwa mwanamke, Dama jina lake. Alimtazama mtoto, kisha akafanya jambo ambalo sisi sote hatukulifanya. Aliuliza, "Mama anakula nini?"

Fauzia akamweleza. Wakatolewa damu wote wawili. Majibu yalipokuja, daktari alituketisha.

"Si kwamba mboga ni mbaya," alisema. "Wapo watu wanaokula mimea peke yake na afya yao haina shaka. Lakini kuna vitamini moja, B kumi na mbili, ambayo haimo kwenye mimea, mibichi wala iliyopikwa. Imo kwenye samaki, nyama, mayai, maziwa. Asiyekula hivyo lazima aitafute kwa vidonge au chakula kilichotiwa vitamini hiyo. Mwili huwa na akiba yake, inakwenda polepole mpaka inakwisha. Ya kwako ilikwisha, mama. Maziwa yako hayakuwa na ya kumpa mtoto. Damu yake na mishipa yake ya fahamu vimekuwa vikiihitaji siku zote hizo." Akairudisha karatasi ya majibu mezani. "Aliyekufundisha kula hivi, yeye hakuwa akimeza vidonge?"

Fauzia akakiegemeza kichwa cha Kheri kifuani pake.

"Alikuwa akimeza," akasema. "Kila asubuhi, na ile juisi yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiosha gilasi. Nilidhani ana presha, nikaona haya kumuuliza."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumlaza mapajani kama alipokuwa mdogo. Sikufanya lolote kati ya hayo mawili.

Wakachomwa sindano, mama na mtoto. Na hili nimeliona kwa macho yangu: hata wiki haikwisha, Kheri aligeuza kichwa kuifuata sauti ya mama yake. Akanyonya kwa pupa. Kisha siku moja muuguzi akapiga chafya na mtoto akacheka, wodi nzima ikacheka naye. Daktari alitutahadharisha tusifurahi mno. Huenda akachelewa kutembea, huenda akachelewa kusema, hilo litajulikana baadaye. Lakini alikuwa amerudi.

Nikaenda Kikoneni mwenyewe kumweleza Tsuma. Nilimkuta juu ya paa, akateremka, akaniamkia kwa adabu yake ile ile. Nikamweleza damu, vitamini, sindano, vidonge vya Harrison. Nikamwambia Fauzia alisema uongo kwa sababu alidhani mwanawe anakufa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, daktari anaweza kujua mtu amekula nini," akasema. "Hawezi kujua amelala na nani."

"Yeye aliapa kwamba hajafanya!"

"Kisha akanambia ni yeye. Mbele ya mama yangu, amenambia." Akaishika ngazi kama atapanda tena. "Mtoto alikuwa anakufa. Mama yake akasema, mtoto akapona. Wewe ungekuwa mimi ungeamini nini?"

Bi Mbodze alikuwa mlangoni. "Angekuwa hakusema kweli, mtoto angepona?" akauliza, si kwa ubaya, bali kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analiona.

Talaka ikaja baada ya hapo. Kheri akiacha ziwa watamchukua, ni mtoto wao, na mimi sina la kuwazuia.

Fauzia yuko kwangu sasa. Anakula samaki. Namwekea changu wa kukaanga, anamla, na vidonge vyake juu. Juzi Kheri alikuwa mkekani, ameketi mwenyewe bila kushikwa, anapiga sufuria kwa mwiko, amenenepa mpaka viwiko vimefanya vishimo. Nikamwambia mdogo wangu, twende Kikoneni tukachukue Msahafu mbele ya wazee, uape kwamba ulisema uongo. Tsuma bado hajaoa. Ile sauti yake niliisikia, anatafuta sababu ya kukuamini.

Fauzia aliendelea kuchambua miba. Alichambua mpaka hapakubaki mwiba, na bado akawa anapapasa ile nyama kwa vidole.

"Na kama ilikuwa ni ile dawa, dada?"

"Dawa gani? Si umemsikia daktari? Si umeziona sindano?"

"Nimeziona. Na Harrison nilimsikia, na yeye nilimwamini." Alimtazama mwanawe anayepiga sufuria. "Nikienda kukana, na akaanza tena kunipita kwa macho, nitafanya nini?"

Mimi ninayejulikana Msambweni nzima kwa mdomo, nikautia kipande cha samaki. Kheri akaangusha mwiko, akamtazama mama yake usoni, akamcheka. Fauzia akauokota, akampa.

"Acha niwe mzinzi," akasema.