Kiti cha Mwenye Habari

Mchezo ule wa taharuki ulianza wiki tatu kabla pazia halijafunguliwa, tena ulianzia kwenye simu za watu. Ukumbi ulifungua ukurasa mtandaoni wa mwanamke anayepotea katika mchezo huo, ukaweka picha yake, watu wakaambiwa wamtafute. Mwenye dalili aandike. Dalili nzuri zitaingizwa jukwaani.

Mwongozaji alitaka sura isiyojulikana. Mama Sindano, mshonaji wa mavazi, akatoa picha kwenye kopo lake la vifungo.

"Huyu mdogo wangu. Hana neno."

Hakusema kwamba mdogo wake huyo aliondoka nyumbani miaka kumi na moja iliyopita, walipotoleana maneno, asirudi. Alijisemea moyoni: macho elfu kumi yakimtazama, hayatakosa mawili yanayomjua.

Macho yalikuja, na mizaha yake. "Nimemwona, kaolewa na mume wangu!" "Yuko kwetu anakula, njooni mumchukue, unga umekwisha!" Kila asubuhi Mama Sindano alimsimamia kichwani mwenye kuendesha ukurasa, bwana mmoja waliyemwita Chaji kwa kuwa hakuacha kuomba chaja.

"Nisomee zote."

"Mama, ziko mia nne! Wewe shona, mimi nijibu."

"Unajibuje mia nne?"

"Sijibu mimi. Nimeitegesha simu ijibu yenyewe."

Siku ya onyesho la kwanza Mama Sindano alikuwa amepiga magoti akipunguza pindo la gauni la mwigizaji, Chaji akaja anacheka. "Huyu kazidi ufundi, Mama. Sikiliza." Akasoma: "Namjua. Alikuwa na alama ya pasi mkono wa kushoto. Akisema ni muhuri wa dada yake, na akipona atampelekea aukague. Hakupona. Tulimzika sisi majirani."

Sindano ikasimama. Kwenye picha ile mikono ya gauni ilifika viganjani. Na pasi ile aliyeishika ni yeye Mama Sindano, akiwa na miaka tisa.

"Muulize yuko wapi. Muulize kaburi liko wapi!"

Chaji akateremsha macho kwenye simu, kicheko kikamkauka. Simu ilikwisha kujibu: Hongera, mpelelezi! Onyesha ujumbe huu mlangoni upewe kiti cha mbele. Chini yake yule mtu alikuwa ameandika: "Mnamchezea marehemu. Mungu awasamehe." Kisha akawafungia wasimwandikie tena. Chaji aliandika, akaandika tena, hakuna kilichokwenda.

"Mama, mimi nilidhani..."

"Najua. Hata mimi sikukwambia."

Alimwomba mwongozaji kitu kimoja tu: kiti cha kwanza, safu ya mbele, kisiuzwe. Kila onyesho akawa anachungulia kwenye upenyo wa pazia. Mwanamke aliyepotea alirudi jukwaani mzima wa afya, watu wakasimama wakipiga makofi, na kiti kikabaki kitupu.

Alasiri ya onyesho la mwisho, mzee mmoja alikikalia. Mama Sindano akatoka mbio mbele za watu, uzi shingoni, pini zimejaa kifuani, akachuchumaa miguuni pake.

"Umekuja," alisema. "Niambie alipolala."

Yule mzee akavuta miguu, akaitazama tiketi yake mbele na nyuma. "Samahani, mama. Naona nimekosea kiti. Ngoja nihame."

Mama Sindano akamshika goti, taratibu.

"Kaa tu, baba," alisema. "Mwenyewe hajafika."