Nje ya Ukuta wa Waridi

Shimo lilitakiwa liende chini futi tatu. Lilipofika mbili, sepeto la Nazario Olvera likagusa kitu ambacho si jiwe. Mtu aliyeichimbia halmashauri ya San Casiano miaka thelathini na tisa hana haja ya kuchungulia, mpini wenyewe humwambia. Jiwe hugonga. Mzizi huvuta. Hiki kilivunjika taratibu, kama biskuti kavu mdomoni mwa mtu aliye chumba cha pili.

"Vipi, umepata dhahabu ya mapadri?" Rudy aliuliza. Rudy ni mwenzake wa kazi, na wakati huo alikuwa amekalia ndoo, kama kawaida yake kazi ikiwa ya mtu mmoja. "Usinisahau, ndugu yangu, mimi nina mabinti watano."

"Bomba la zamani," Nazario alisema. "Hebu kalete kokoto."

"Kokoto za nini leo? Zege si Alhamisi?"

"Kalete kokoto, Rudy. Pitia na kahawa."

Alipotajiwa kahawa, Rudy akaondoka bila swali lingine.

Nazario akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Ulikuwa mkono. Mdogo, mwembamba kama penseli, na kwenye kifundo palikuwa na shanga nne za kombe la baharini, bado zimejipanga duara ingawa uzi wake umeoza zamani. Mtoto wa miaka mitatu, au minne. Nazario akavua kofia, akaangalia ukuta wa makaburi ya misheni, akaangalia tena shimo. Ukuta ulikuwa hatua sita nyuma yake. Yeye alikuwa nje.

Mji ule una mabamba ya shaba kumi na moja. Kuna bamba pale farasi wa jenerali aliponywa maji. Kuna bamba la mpea uliopandwa na mapadri; mpea umekufa, bamba linaendelea kuusifia. Kuna bamba la hoteli alimolala jambazi mmoja usiku mmoja, na inasemekana alikoroma. Lakini wenyeji waliofinyanga kila tofali la misheni ile, wakalibeba begani, wakafa kwa surua na kwa viboko, hawakuwa na hata kibao cha mbao.

Dada yake Nazario, Perfecta, mzao wa wenyeji hao kama yeye, ndiye aliyelipigania bamba la kumi na mbili. Miaka kumi na tisa. Alikwenda kunakili daftari la mazishi la mapadri kwa mkono wake, jina kwa jina, mpaka kidole chake cha kati kikaota sugu. Alihudhuria vikao, akaambiwa asubiri, akasubiri, akarudi. Sasa bamba lilikuwa stoo, limeshachongwa, likisubiri nguzo ya shimo hili: *Ndani ya ukuta huu wamelala watu 2,317 walioijenga misheni hii.* Lingezinduliwa Jumamosi, sikukuu ya mtakatifu wa mji. Na Perfecta, mwenye miaka sabini na sita, figo zake zilikuwa zimegoma. Daktari alishamwambia hana la kuongeza. Gauni la Jumamosi lilikuwa limepigwa pasi na kutundikwa mlangoni, alione kutoka kitandani.

Sheria Nazario aliijua. Ukikuta mfupa, weka chini sepeto, piga simu wilayani. Wilaya inaita wataalamu, wataalamu wanamtafuta mtu wa ukoo aulizwe. Mji wa jirani walikuta fuvu wakichimba mtaro wa maji, kazi ikasimama miaka miwili. Perfecta hakuwa na miaka miwili. Alikuwa na wiki mbili, tatu akijaliwa.

Na Nazario akinyamaza, Alhamisi lori lingekuja, zege lingemwagwa juu ya kifua cha mtoto.

Akamfunika mtoto kwa turubai ya mchanga, akachukua mtaimbo, akasogea hatua mbili kushoto. Akachoma. Biskuti. Akasogea kuelekea maegesho ya mabasi ya watalii. Akachoma. Biskuti. Akasimama pale ukingoni mwa lami, jua la saa nne linamchoma shingo.

Maana lami ile aliimwaga yeye.

Mwaka wa themanini na nane. Tingatinga lilipokwangua udongo, vipande vyeupe vilitokeza kama mchele kwenye maharage. Msimamizi akasema, "Ng'ombe wa mapadri hao, walikula nyama sana." Watu wakacheka. Nazario naye akacheka. Baadaye alikuja kusikia kwamba ukuta wa makaburi ulijengwa upya miaka ya thelathini na kina mama wa mji waliotaka bustani ya waridi. Matofali yakawapungukia, wakaufanya mdogo, makaburi mengine yakabaki nje. Aliposikia hayo, alibadilisha mazungumzo.

Rudy alirudi na kahawa, akaiona turubai, akaona uso wa mwenzake. Hakutania. "Nimesahau kokoto," alisema, akakaa juu ya ndoo kulinda.

Nyumbani, Perfecta alikuwa ameegemea mito, bakuli la uji wa njugu za mwaloni, chakula cha mababu zao, mapajani, ameonja vijiko viwili.

"We, mbona umekuja na udongo wa mji mzima kwenye magoti?" alisema. "Umekosa kazi au umefukuzwa?"

"Nimepata mtoto, dada."

"Kwa umri wako? Hongera."

Kisha akamtazama vizuri, akaweka bakuli pembeni. Nazario akaeleza: mkono, shanga, hatua sita nje ya ukuta.

"Akipatikana mtu, wanampigia nani simu?" Perfecta aliuliza.

"Mtu wa ukoo. Jina lililoandikwa wilayani ni lako."

"Basi nimeshapigiwa." Akafumba macho kidogo. "Na bamba langu linasema ndani ya ukuta. Miaka kumi na tisa, Nazario, nimepigania uongo."

"Hukujua."

"Sikujua." Akafumbua macho. "Sogeza shimo, basi."

"Nimesogeza. Wako kila mahali. Mpaka kwenye maegesho. Mpaka chini ya lami."

"Umejuaje chini ya lami?"

Angeweza kusema mtaimbo. Neno lilishafika ulimini.

"Niliwaona. Mwaka ule wa lami. Tuliambiwa ni ng'ombe."

"Sijakuuliza mliambiwa nini. Ulijua?"

Nje, jirani alikuwa anamgombeza mbwa. Nazario akabandua udongo mkavu gotini.

"Nilijua, dada."

Perfecta aligeuza uso ukutani.

"Huyo mtoto kamfunike mwenyewe," alisema bila kugeuka. "Kwa mikono, si kwa sepeto. Kisha piga simu."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi nitavaa gauni langu."

Jumamosi hapakuwa na bamba. Palikuwa na utepe wa njano na polisi mmoja anayekula peremende. Bi Lindqvist, mwenyekiti wa chama cha historia, alikuja mbio na viatu vyake vya sherehe. "Mama Perfecta, pole sana, tutalichonga upya, maneno yawe sahihi. Nipe miezi sita."

"Ungekuwa nayo hiyo miezi, ningekuomba uniazime," Perfecta alimjibu kwa upole.

Kisha akamwambia ndugu yake, neno la kwanza tangu Jumanne, siku ya shimo: "Nisukume."

Nazario akakisukuma kiti cha magurudumu, wakapita utepe, wakapita waridi, wakafika kwenye maegesho.

"Lami mlianzia wapi?"

Akamwonyesha kwa kidole.

"Nipeleke."

Wakafika.

"Uliwaona hapa?"

"Hapa."

Mbele kidogo: "Na hapa?"

"Na hapa, dada."

Hakuinua sauti, hakulia. Aliuliza kila baada ya hatua mbili, kama alivyokuwa akinakili daftari, bila kuruka mstari. Basi la watalii liliingia, likakuta njia imezibwa, likapiga honi. Watu kwenye madirisha wakainua kamera. Nazario alitamani lami imfunike naye.

"Na hapa?"

"Hapa pia."

Perfecta alifariki siku kumi na moja baadaye. Hakuwahi kumwambia kwamba amemsamehe, wala kwamba hajamsamehe. Wilaya iliandika kwamba lami ibaki, kwa kuwa inawakinga waliolala chini. Bamba liko stoo, limegeuziwa uso ukutani. Na Nazario kila asubuhi hufika kazini kwa kuzunguka nyuma ya kanisa, njia ndefu yenye miiba, ilhali ya maegesho ni hatua arobaini tu.