Waridi la Ukuta wa Kusini

Mume wangu Jabez alifariki mwezi wa pili, na hadi kiangazi kaburi lake lilikuwa udongo mtupu. Kila niliyemwambia aliniambia nipande kitu. Mimi nilijua ninachotaka. Nilitaka tawi la lile waridi jeupe la ukuta wa kusini, pale jumba la Hallowby, alilolibebesha juu ya shina jingine kwa mkono wake mwaka tuliooana.

Miaka thelathini na moja alifanya kazi ya bustani pale. Bibi mkubwa wa zamani, mwenye jumba, hakutaka hata jani litoke getini. Wanaume wawili walifukuzwa kwa vijiti vya kupanda walivyoficha kwenye kofia. Jabez hakuleta nyumbani hata mbegu ya kabichi. Waridi lile nililiona mara mbili tu, kwa mbali, nilipompelekea chakula.

Siku hizi bustani hufunguliwa kwa watu Jumapili moja tu kila kiangazi. Mkwe wangu Beryl akasema atanipeleka kwa gari. Njiani nikaona ameweka kitambaa kilicholowa maji ndani ya mkoba wake, na mkasi wa kucha. Nikamwuliza ni wa nini. Akacheka, akasema wanawake wote wanaokwenda kutembelea bustani hubeba hivyo, hata mke wa mchungaji wa kanisa, tena yeye ana mkoba mkubwa kuliko wote.

Nikamwambia sitaki kuiba. Nitaomba. Nikikatazwa, basi.

"Mama, utaomba hadi uzeeke zaidi hapo getini," akasema.

Tuliingia kwa lango la mbele. Sikuwahi kupita pale maishani mwangu. Sisi tulipita uani, kwenye makaa na mapipa. Nyasi zilikuwa zimekatwa mistari mistari, huu umekoza, huu umepauka, na watu walitembea wakisema kwa sauti ya chini kama wamo kanisani. Kila mahali Jabez alikuwepo. Ua ule wa miti aliukata kwa kamba na kipimo. Miti ile ya matunda iliyosambaa ukutani kama vidole aliifunga yeye, mmoja mmoja, na vidole vyake vikapasuka kwa baridi. Hakuna aliyejua. Beryl alinishika mkono, naye akaacha mzaha.

Waridi tulilikuta. Lilikuwa limepanda hadi dirisha la juu, jeupe, na shina lake nene kama mkono wangu. Chini palikuwa na kibao chenye jina la waridi, na jina la bibi mkubwa aliyelileta kutoka Ufaransa. Nilikisoma polepole, mara mbili, nikidhani labda sijasoma vizuri.

Mtunza bustani alikuwa karibu, kijana mwenye adabu. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, kofia mkononi, kisha akatazama viatu vyake.

"Bibi, nikikupa wewe, Jumapili ijayo nitafukuzwa mimi," akasema. "Hiyo sheria haijabadilika."

Ningembishia vipi? Jabez mwenyewe angejibu vilevile. Nikamshukuru. Tukaenda kunywa chai kwenye banda la farasi wa zamani, ambako wameweka meza, na mkate wangu wa tango nikauacha kwenye sahani. Nilikuwa na miaka sabini na nne. Sikuwa na Jumapili nyingi za kungoja.

Beryl akasema anakwenda msalani. Alikawia.

Tulipofika nusu ya safari alisimamisha gari kando ya barabara, akanipa mkoba. Ndani ya kitambaa kile mlikuwa na kitawi, kina mzizi na udongo wake. Alisema hakutumia mkasi; kilikuwa kimejiotea chini kabisa ya shina, akakivuta kikaja. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimpenda sana mzee Jabez.

Nikakishika. Nikahesabu vijani vidogo kwenye kikonyo kimoja, maana Jabez alinifundisha kuyatambua mawaridi kwa hesabu hiyo. Vilikuwa saba. Waridi jeupe lina vitano.

Nikamkumbuka Jabez, Novemba ile ya kwanza ya ndoa yetu, anatoka na jembe na gunia kwenda kwenye ua wa miiba nyuma ya nyumba yetu, kuchimba mizizi ya waridi mwitu. Mimi nililishika gunia. Kwenye mizizi ile ndipo alipobebesha macho, yaani machipukizi, ya waridi la Ufaransa, maana la Ufaransa peke yake ni dhaifu. Kovu la mwiba wa siku ile alizikwa nalo kwenye dole gumba.

"Si lenyewe, eti?" Beryl akauliza. Alikuwa ameniona nikihesabu.

"La juu ni la bibi mkubwa," nikamwambia. "Hili ni la chini. Hili alilichimba Jabez uani kwetu."

Nikamwambia pia kwamba vitawi hivyo vya chini mtunza bustani huving'oa na kuvitupa, visije vikalinyonya waridi. Jabez alitupa mikokoteni mizima, hakuna aliyemkataza. Beryl akalia, usukani mkononi, nami nikamwacha alie.

Nilikiweka kwenye chungu karibu na mlango wa jikoni, nikakimwagilia kiangazi chote. Majani ya kwanza yalidondoka, nikangoja, yakaja mengine. Maua yake yatakuwa madogo, petali tano tu, ya kukaa siku tatu au nne, kama yale ya njiani. Mchungaji alipoambiwa aliuliza kama nisingependa kitu kizuri zaidi. Nikamjibu nimeshachagua.

Novemba ilipofika nilikipeleka makaburini na jembe lake Jabez. Nikachimba mwenyewe, pumzi zikinikata. Kisha nikaushindilia udongo kwa kisigino, kuzunguka pande zote, kama alivyokuwa akifanya.