Marumaru ya Baba Rukaya

"Weka chini hiyo chupa, Baba Rukaya!"

"Siweki. Likibaki hili doa, mimi sina uso wa kutoka nje."

"Umeshamwaga mara moja, umeona lilivyochemka. Hilo ni jiwe, si choo!"

Mshamu alikuwa amepiga magoti katikati ya sebule, suruali ameikunja, mkononi kashika dawa ya kusafishia choo. Mbele yake palikuwa na kipande cha marumaru kilichong'aa hadi asubuhi ile. Sasa kilikuwa kimefifia, kinakwaruza kama msasa. Doa la zambarau lililokusudiwa kutoka lilikuwa palepale, halina habari.

Mkewe, Hajira, alimtazama kutoka mlangoni. Kibiti nzima ilizijua habari za sakafu hiyo. Mshamu alipouza ufuta alinunua marumaru ya jiwe halisi, si vigae vya kiwandani, akaisimulia msikitini, sokoni, hata msibani. Kisha akakataza watu kuikanyaga. Watoto walikula jikoni. Wageni waliletwa dirishani, wakachungulia, wakaambiwa waseme maashallah. Kuilinda, aliitandikia mikeka ya miyaa ya rangi kutoka Mohoro, na kila jioni aliipiga deki, akairudisha mikeka kabla jiwe halijakauka, vumbi lisiwahi. Jiwe likanywa maji na rangi ya mikeka. Walipoiondoa mikeka ili kuandaa ndoa ya binti yao Rukaya, waliikuta mingine chini yake, imejichapa kwenye jiwe, mistari ya zambarau na kijani hadi ukutani.

"Ndimu," alisema Semeni, dada yake Mshamu, akiwa amepakata kikapu kizima. "Shombo la samaki linatoka, itakuwa hiyo rangi?"

"Wifi, hatupiki. Kikali chochote kinalila jiwe hili, cha chupa au cha ndimu. Rangi inavutwa taratibu. Poda ya watoto, na ile dawa ya vidonda inayotoa povu, unakoroga uji mzito, unapaka, unafunika nailoni. Siku mbili huligusi."

"Siku mbili!" Mshamu alishika kichwa. "Wakwe wanatoka Mbuchi kesho! Basi naahirisha."

"Unaahirisha nini?"

"Ndoa. Hadi sakafu ipone."

Rukaya alitokeza uso chumbani, hina mbichi mikononi. "Baba, mimi naolewa na Haidari. Siolewi na sakafu."

"Mwanangu, nakutafutia heshima! Baba yake nimemwambia akiinama ataziona sharubu zake. Sasa ainame aone mkeka?"

Hapo alikuwa ameshaitoa simu mfukoni. Hajira akamnyang'anya, akampigia mkwe mwenyewe, sauti akaiweka wazi wote wasikie.

"Asalaam aleikum, mkwe. Mama Rukaya hapa."

"Waaleikum salaam!" Ilikuwa sauti ya Mwinyimvua, baba yake Haidari. "Boti ipo tayari, mkwe. Kwema huko?"

"Kwema. Ila sakafu ya sebuleni imeharibika. Ndoa itafungwa uani, kwenye saruji."

Mshamu akafumba macho.

"Kwenye saruji kweli, mkwe?"

"Kweli."

"Alhamdulillahi! Wazee huku hawalali. Mumeo alisema inateleza kama kioo. Nimewanunulia soksi wasiichafue, tumefanya mazoezi kwenye vigae vya zahanati, mmoja kaanguka, kasusa kuja. Ngoja nikamwambie!"

Simu ikakatika. Semeni alicheka hadi ndimu zikamdondoka.

"Vigae vya zahanati," Mshamu alinong'ona. "Wameifananisha na vigae."

"Utawaelewesha kesho. Lete hiyo."

Hajira aliichukua chupa, akaenda kuimwaga chooni, ilikostahili. Aliporudi alikuwa na beseni la uji mweupe. Akamkabidhi mumewe.

"Paka."

"Nianzie wapi?"

"Ulikoanzia kutandika."

Mshamu alipaka, akitambaa kinyumenyume kuelekea mlangoni, Hajira akimfuata na nailoni, anabandika kingo kwa utepe wa gundi. Semeni alikwishatoa makochi nje. Kipande cha mwisho kilipofunikwa, Hajira alifunga mlango, akageuza ufunguo na kuufunga kwenye pindo la kanga yake.

"Rukaya! Njoo uani utuonyeshe wanawake watakaa upande gani."

Kisha akampa Mshamu ufagio.