Kikundi cha Majaribio

Kosa lilikuwa langu, sikatai. Kwa miezi mitano nilikuwa nikijenga tovuti ya kuorodhesha vikundi vya waandishi wa programu: kila kikundi kinakutana wapi, siku gani, saa ngapi. Nilivipata arobaini na kimoja. Cha karibu zaidi kilikuwa mwendo wa saa nne kwa basi. Mimi niliyewatafutia watu wote wenzao, nilikuwa naandika programu peke yangu mwaka wa nne sasa, nikiongea na skrini kama mwehu. Upweke ulikuwa umenichosha, nasema wazi.

Sasa, kabla ya kuingiza vikundi vya kweli, mjenzi wa tovuti huweka kimoja cha uongo ili aone kama ukurasa unafanya kazi. Nami nikaandika: Kikundi cha Majaribio, Jumamosi saa kumi jioni, na anwani ya chumba cha cherehani cha shangazi yangu, kwa kuwa ndiyo iliyonijia kichwani. Halafu nikasahau kukifuta. Jumatano nikazindua tovuti, nikajipongeza kwa soda mbili.

Jumamosi, saa kumi kasoro dakika tano, shangazi akanipigia simu.

"We mwanangu, njoo haraka! Nimepata wateja tisa kwa mpigo, na hakuna hata mmoja aliyekuja na kitambaa!"

Nilitoka mbio, kiatu kimoja kimefungwa, kingine Mungu anajua. Nikawakuta wamebanana kati ya cherehani mbili, kompyuta mapajani. Shangazi alikuwa anampima kifua mwalimu wa hisabati, na mstaarabu huyo alisimama wima, mikono juu, akidhani ndio utaratibu wa kujiandikisha.

"Kiongozi ni nani hapa?" akauliza nesi mmoja, bado yumo ndani ya sare ya kazini.

Nikasema kweli yote: kikundi hakipo, nilisahau kufuta, samahanini sana. Mwalimu akafunga kompyuta yake, nami nikatamani kumshika mkono asiondoke.

"Hakipo?" nesi akaruka. "Mimi nakaa mtaa wa pili tu hapo. Miaka yote hii nilijua niko peke yangu! Na hawa waliobanana hapa ni nini, majora ya vitambaa?"

Kicheko kilichofuata kiliangusha sanduku la vifungo. Tukapiga magoti wote kuviokota, na huko huko sakafuni mwalimu akaniuliza kuhusu programu yake iliyomgomea. Nikamjibu. Nesi akanipinga. Fundi simu mmoja akatupinga sote. Sikumbuki nani alianza kupiga kelele. Nakumbuka nilifurahi mpaka masikio yakawaka moto.

Saa kumi na mbili wakaanza kuaga. "Jumamosi ijayo je?" nesi akaniuliza.

Nikamtazama shangazi. Chumba ni chake, vifungo ni vyake, na uso alikuwa ameukunja.

"Saa kumi," shangazi akajibu badala yangu. "Na kila mtu aje na kiti chake."