Majina Arobaini

...na sasa karatasi ya picha imeshaingia kwenye dawa, haiwezi kurudi ilivyokuwa, ni hii moja tu iliyobaki ya ukubwa huu, nyingine mpaka Kisii, na kesho saa nne asubuhi mama yake Nyasuguta anazikwa Lambwe, basi nitikise beseni polepole kama alivyonifundisha Mwalimu, mume wangu, upande huu, upande ule, nisiangalie mlango, mlango unagongwa lakini nisiuangalie, ni Zablon, shemeji yangu, amekuja na kufuli mpya mfukoni, nimeisikia ikigonga benchi alipoketi... "Nyar Kendu, toka tuongee," anasema, binti wa Kendu, kana kwamba miaka kumi na saba katika nyumba ya kaka yake nimekuja kutembea tu, na mimi nimeshaanza kuhesabu, wa kwanza Abuya, wa pili Onyancha, wa tatu Tony, nisiende haraka, nisichelewe, picha za jana nilizichelewesha, tatu, zote zikatoka nyeusi kama sufuria ya kuni, na Zablon akazishika mbele ya watu akasema si aliwaambia, kazi ya giza si ya mwanamke, chumba hiki apewe jirani yetu Suhail aweke mablanketi yake ya biashara, na kama leo picha ya mama yake Nyasuguta haitoki anakifunga, ndivyo alivyosema, na wazee wa nyumbani Homa Bay wamekubali... wa saba, wa nane... jana sikuita majina, jana niliomba, kwa sababu Mwalimu alipokuwa hai saa yangu ilikuwa Baba Yetu, mara mbili, kwa utulivu, na picha ilitoka safi, yeye akicheka kwamba Wasabato tuna saa isiyohitaji betri, lakini tangu tumzike, miezi miwili sasa, nikifika pale pa kumwachia Mungu afanye atakavyo ulimi unakwama, nasimama pale pale, sijui nasimama kwa muda gani, na karatasi inazidi kuiva majini mpaka sura inazama... nisamehe Bwana, nitakuomba nikitoka, nitapiga magoti nikuombe bila kushika beseni, leo acha niite rejesta... wa kumi na mbili, Damaris... saa yake yeye ilikuwa rejesta ya darasa la saba, mwaka wake wa mwisho wa ualimu kule Lambwe, watoto arobaini, aliijua kwa kichwa, jina moja pumzi moja, na likiisha jina la arobaini anaitoa picha, kila siku hapa Migori, miaka tisa, mimi nimesimama nyuma yake katika taa hii nyekundu nikiwasikia watoto nisiowajua wakiitwa mpaka nami nikawajua... anagonga tena, kwa ngumi sasa, akiusukuma mlango mwanga utaingia na yote yataisha, nimeweka kiti lakini kiti ni kiti tu, na sauti ya Nyasuguta kutoka kwenye benchi, ya kukwaruza, hajalala huyu tangu juzi, "Wewe mzee, fungua huo mlango na kesho utasimama kwenye kichwa cha jeneza, watu wakuangalie wewe badala ya picha ya mama yangu," na Suhail anacheka kidogo, anamwambia Zablon angoje, mama yuko kazini... wa kumi na tisa, wa ishirini... kitambaa chake cha kichwa kimeanza kuonekana, kivuli tu, nisifurahi bado, Mwalimu alimpiga picha hii mama Kezia, mama yake Nyasuguta, sokoni Homa Bay, kwenye mwanga wa mlango wa duka la nguo, akakataa kuvua kitambaa... ishirini na tano, na sasa Rael, ishirini na sita, Rael... aliugua malaria wiki moja tu, Jumatatu yuko darasani, Jumatatu ya pili amezikwa, na mama yake akatembea mpaka shuleni, mama asiyejua kusoma, akamwambia Mwalimu, "Fungua kile kitabu unamowaweka watoto kila asubuhi, nimwone wangu," alikuwa amesikia miaka yote kwamba watoto wanawekwa katika rejesta, na akaamini wamewekwa kweli, sura zao, na Mwalimu akaifungua, afanye nini, akamwonyesha mstari wa ishirini na sita, vijimstari vya wino mpaka Jumatatu ile, na mama akaupapasa ukurasa kwa kidole, akauliza, "Uso uko wapi?"... hakuwahi kunieleza zaidi ya hapo, alirudi nyumbani hakula, na mwisho wa mwaka aliacha chaki akanunua kamera, ndugu zake wakasema amerogwa, Zablon wa kwanza, mtu anaacha mshahara wa serikali aende kuwaambia watu wainue kidevu... lakini jina la Rael hakulitoa, niliwahi kumwuliza, si ameshakufa, mbona bado unamwita, akasema ukimruka Rael picha itatoka imepauka, na ukisimama kwake itatoka nyeusi, mwite kama wengine, mpe pumzi yake moja, uende kwa anayefuata... niliona ni mzaha wa ualimu, nilicheka, Mungu wangu, nilicheka na kumwaga maji... pumzi moja, uende, na jana mimi nilisimama, miezi miwili nimesimama, beseni mkononi... thelathini na moja, thelathini na mbili, macho yametokea, ndiyo, macho ya mama Kezia, makali, yananitazama kutoka majini kama anayeuliza kwa nini amecheleweshwa, na mdomo, na ule mkunjo wa shavu, usiitoe, mkono unataka kuitoa lakini usiitoe, bado watu wanane, bado watano, Mirumbe, thelathini na tisa, na wa mwisho Masese aliyehamia muhula wa pili, arobaini... na ulimi unataka kuongeza mmoja, unataka kusema Jared, jina la Mwalimu mwenyewe, liko hapa kwenye meno, lakini Jared hakuandikwa katika rejesta, Mwalimu ndiye aliyekuwa akiita, na sasa anayeita ni mimi... toa, toa sasa, tone, tone, tia kwenye maji ya siki yaizime dawa, hapo, mama Kezia, si mweusi, hajapauka, ni yeye, na bado dawa ya pili, ya kuishikisha picha isiogope mwanga, majina arobaini mara tano, na mlango bado unagongwa, na kufuli bado iko mfukoni mwa mtu, acha agonge, shemeji wa watu, chumba hiki kina mtu wa kazi, na kiti nitakiondoa kwa mkono wangu nikimaliza... "Ngoja, shemeji," nasema, na sauti yangu imetoka kama ya mtu aliye mbele ya darasa, "bado naita majina," na ninaanza tena, wa kwanza Abuya, wa pili Onyancha, wa tatu...