Trei ya Shangazi Nyamizi

Usiku wa jana niliota nimeingia karakana ya miwani na hasira zangu zote, na mlango ukaniambia, "Futa miguu kwanza."

Nikafuta. Sikwenda kugombana na mlango. Nilifuata miwani ya shangazi yangu Nyamizi, mshonaji, ambaye tangu mvua zianze hatungi uzi bila kuazima macho ya jirani. Alikuwa amekata tamaa. Asubuhi mnunuzi angekuja kuchukua cherehani.

Ndani, kila kifaa kinaning'inia ukutani juu ya mchoro wake wa wino: koleo juu ya koleo, bisibisi juu ya bisibisi. Mchoro mmoja uko mtupu. Una umbo la mtu, na una kipara changu.

"Umechelewa," koleo linaniambia.

Katikati ya chumba kuna trei za oda, kila moja na fremu, lenzi na jina la mwenyewe. Zimepangwa moja juu ya nyingine mpaka zimetoboa paa. Utaratibu huu naujua, na mimi sisahau: oda mpya huwekwa juu, fundi naye huchukua ya juu. Aliyetangulia anakandamizwa na kila anayekuja nyuma yake. Nililisema hili dirishani kwao, nikalisema barazani, nikaitwa mchochezi.

"Ya shangazi iko wapi?"

"Chini kabisa. Yeye ndiye wa kwanza."

"Na nyie mnaona sawa tu?"

"Sisi tunashika, mzee. Kuona ni kazi ya lenzi."

Nikapanda juu ya stuli. "Ndugu trei! Mliolaliwa! Mpaka lini?"

Trei moja ya katikati ikakohoa.

"Shuka kwanza hapo kwenye stuli, ndugu yangu. Na wewe umekaa juu."

Nikashuka. Nikalala kifudifudi sakafuni, nikaishika ya chini kabisa kwa mikono miwili.

Mnara ukageuka. Uligeuka polepole, kama mtu anavyojigeuza usingizini, wala hakuna lenzi iliyogongana na mwenzake. Chini ikawa juu, nami ningali nimeishika. Sasa tuko juu ya paa, juu ya mji mzima, na jua linawaka ndani ya kila lenzi. Ndani ya kila lenzi namwona mwenye oda na kile anachokingoja: dereva na barabara yake, mwalimu na ubao wake, bibi mmoja na sisimizi, anamcheka huyo sisimizi mpaka machozi.

Maisha yangu yote nimepiga kelele. Pale sauti ilinikauka.

Ndani ya lenzi ya shangazi mna tundu la sindano tu. Ni refu kuliko lango la stesheni, na mwanga unapita humo bila kuulizwa na mtu.

Mashine ya kupimia lenzi imeketi kando yangu, imevaa koti jeupe.

"Lenzi haikatwi kabla ya kutiwa vidoti vitatu, ijulikane katikati yake," inasema. "Mwenye macho yuko wapi?"

"Amelala. Mimi ni mtoto wa kaka yake."

"Damu ile ile. Inamisha kichwa."

Ta. Ta. Ta. Wino wa baridi.

Nikaamka kumekucha. Nilipotoka uani, mnunuzi alikuwa ameshafika, kamba mkononi. Shangazi alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, na uzi mweusi umeshapita kwenye sindano. Jirani hata mmoja hakuwepo. Miwani yenyewe bado iko karakana.

Akaniangalia kutoka ng'ambo ya ua.

"We Mihayo, nani kakutia vidoti vitatu vyekundu kwenye paji la uso?"

Nikapapasa. Wino ulikuwa mbichi.

"Na huyu baba mwambie hiyo kamba akaifungie mbuzi," akasema, mguu wake ukitafuta pedali. "Akirudi, arudi na kitambaa."